Neno Nililoliruka

Kamen alifika kwetu Ibra, Oman, siku ya Ijumaa, baada ya sala, amevaa shati jeupe ambalo nilijua kalipiga pasi mwenyewe, maana kola upande mmoja ilikuwa imeungua kidogo. Nilimwona kutoka dirisha la jikoni. Alishuka garini, akasimama mbele ya geti letu kama mtu anayejikumbusha jambo, na moyo wangu ukafanya vile ulivyokuwa ukifanya kila nilipomwona kwa mwaka mzima ule. Ukatulia. Wanawake wengine husema moyo huwaenda mbio wakimwona wampendaye. Wangu ulikuwa ukienda mbio siku zote, na mbele ya Kamen ndipo ulipokuwa ukipumzika.

Siku ile haukupumzika sana. Ukumbini, Bibi Alya alikuwa keshakaa kwenye kiti chake, kajitanda kanga mpya, anamsubiri mtu ambaye ukoo wake alikwisha kuuchukia kabla hajamwona uso.

Nieleze kwanza ilikuwaje tukafika hapo.

Mimi ni Azza binti Khalaf, na kazi yangu ni kutafsiri. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Bibi Alya, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na Kiswahili changu chote ni chake, kile alichotoka nacho Unguja mwaka sitini na nne, akiwa na miaka ishirini na mmoja na mtoto mchanga kifuani. Mtoto yule ndiye baba yangu. Mumewe Bibi, babu yangu Ishak, hakutoka. Aliuawa Januari ile ile, huko shamba, Mwera. Basi hayo tu ndiyo tuliyoyajua. Baba alikua akiamini kwamba baba yake aliuawa na kundi la watu wasiojulikana, na kwamba mama yake hakuona kitu. Bibi hakuzidisha neno, na sisi hatukuuliza.

Kamen ni Mbulgaria. Aliletwa na kiwanda kimoja kidogo cha maji ya waridi huko juu Jabal Akhdar, awafundishe wakulima kutoa mafuta kwa mitungi mipya ya shaba, bila ya ule moshi unaoyatia maji harufu ya kuungua. Mimi niliajiriwa nisimame kati yake na wakulima. Siku za kazi nilikaa Nizwa, katika chumba cha kupanga, na kila asubuhi nilipanda mlimani na gari ya kiwanda; Alhamisi jioni nikirudi kwetu Ibra. Kila adhuhuri nilimpigia Bibi simu. Siku moja Kamen aliniambia kwamba nikizungumza na Bibi sauti yangu hugeuka, huwa ya mtoto, na akaniuliza lugha ile ni ipi. Tangu siku hiyo akawa na kijidaftari anachoandika maneno ya Kiswahili anayoyadaka kwenye simu zangu.

Sikumpenda kwa sababu ya daftari. Nilimpenda siku tuliyogundua kwamba sote wawili hula chakula cha jioni tumesimama jikoni, yeye katika chumba chake nyuma ya kiwanda, mimi kule Nizwa, kwa kuwa meza ya mtu mmoja inaumiza kuikalia. Tulicheka mpaka wakulima wakageuka kututazama. Kesho yake alileta mkeka, akautandika kwenye kivuli cha mkomamanga uani mwa kiwanda, na tangu hapo tukawa tunakula cha mchana tumekaa, mbele ya macho ya kila mtu, bila ya kuwa na la kuficha.

Ramadhani iliyofuata alitamka shahada katika msikiti mmoja wa Nizwa. Hakuniambia ila baada ya wiki tatu. Alisema hakutaka nidhani amenifanyia mimi. Kisha akamwandikia baba barua kwa Kiarabu, yenye makosa mengi na adabu nyingi, ya kunichumbia.

Baba ni mtu mpole, amestaafu serikalini, hapendi kukata maneno. Alisema kijana anaonekana mwema, lakini katika nyumba hii neno la mwisho ni la Bibi. Na Bibi alikuwa karibu kukubali. Mimi ndiye niliyeharibu. Jioni moja, katika kumsifu, nilisema kwamba kijijini kwao, katikati ya uwanja, kumesimamishwa sanamu ya babu wa babu yake, mwanamapinduzi mkubwa.

Nilikuwa nimelitamka neno ambalo nyumbani mwetu halitamkwi. Bibi akaweka kikombe chini.

"Mjukuu wa nani?" akauliza.

Nikajaribu kueleza kwamba ni habari za zamani, za Ulaya, za miaka mia na hamsini iliyopita, dhidi ya Waturuki, hazituhusu. Bibi akanyanyuka akaenda zake kulala, na jua halijazama. Kwa siku nane hakumtaja Kamen. Siku ya tisa akaniita.

"Mlete," akasema. "Nataka anieleze babu yake alifanya nini. Kwa mdomo wake, si kwa wako."

Nilipomwambia Kamen, alikaa kwenye ngazi za kiwanda, akatoa daftari na kuniomba maneno. Alitaka kujua tunavyosema mlima, mnyororo, kurudi, rafiki. Halafu akaniomba neno la kuua. Nikamuuliza la nini. Akasema habari ya Neyko, babu wa babu yake, ataieleza yote au hataieleza kabisa. Nikamwambia Bibi ni mtu mzima, ana jeraha lake, amwambie yale anayoweza kuyabeba.  Aliliandika lile neno taratibu, na mimi nikadhani amenielewa.

Basi Ijumaa ile akaingia ukumbini, akavua viatu, akamwendea Bibi na kuinama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bibi akaitikia, na nikaona ameshtuka kuisikia salamu ile kwenye kinywa kile. Akamwonyesha pa kukaa.

Nilileta kahawa na tende, na mkate wa kumimina alioupika Bibi mwenyewe asubuhi, kwa kuwa alisema mgeni ni mgeni, hata awe nani. Alimuuliza Kamen kama mama yake yu hai, akaambiwa yu hai, akasema alhamdulillahi. Baba alikaa karibu na mlango. Kisha Bibi akaweka mikono magotini, akamwambia aanze.

Kamen alisema kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, akinisubiri kila mara niigeuze kwa Kiswahili. Hivi ndivyo alivyosema.

Neyko alizaliwa bondeni, chini ya mlima mrefu, mahali ambapo watu wote waliishi kwa mawaridi. Nchi yao ilikuwa chini ya Sultani wa Stambuli kwa karibu miaka mia tano. Hapo Bibi akaitikia kwa kichwa. Stambuli akiijua, baba yake akivaa tarbushi ya huko. Neyko alipokuwa na miaka kumi na saba, askari walimpiga baba yake barabarani kwa kuchelewa kumpisha farasi wa bwana wao, na mzee yule akalala na hakuinuka tena. Neyko akapanda mlimani kwa watu wenye silaha. Kisha akavuka mto Danubi, nchi ya pili, ambako Wabulgaria waliokimbia walikuwa wakijifunza bunduki katika mashamba ya zabibu.

Aliporudi, alikuwa mjumbe wa kamati za siri. Miaka sita alitembea kijiji hadi kijiji, kajifanya mchuuzi wa mafuta ya waridi, na barua zimeshonwa ndani ya bitana ya koti. Alilala mazizini na mapangoni, na katika nyumba za watu wasiojua jina lake. Alimwoa msichana aitwaye Rada. Katika miaka minne ya ndoa alikaa naye siku arubaini na moja. Rada alizihesabu.

"Na siku nyengine, huyo Rada akikaa na nani?" Bibi akauliza.

Kamen akasema alikaa peke yake. Bibi akaniambia nimmiminie mgeni kahawa nyengine, na kwa mara ya kwanza nikapata matumaini.

Kisha Kamen akamtaja Salih. Salih alikuwa mtoto wa fundi wa shaba, Mwislamu, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akikitengenezea kijiji kizima mitungi ya kupikia mawaridi. Yeye na Neyko walikua pamoja, wakiogelea mto mmoja, na Salih ndiye aliyemfundisha Neyko kuziba ufa wa mtungi kwa udongo na majivu. Mambo yale hata leo Kamen huyafanya vile vile, na nimemwona kwa macho yangu.

Mwaka 1876, kabla mawaridi hayajachanua, vijiji vya bonde vikainuka kupigana na dola. Neyko alipewa barabara ya kwenda mjini ailinde, asipite mtu wa kuwapasha habari askari. Alfajiri ya kwanza akatokea mtu juu ya farasi. Alikuwa Salih. Neyko akamwita kwa jina, akamwambia asimame. Salih akageuka, akamtambua, akampiga farasi mateke akazidi kwenda.

 Kamen akasema kwamba Neyko alifyatua bunduki, risasi ikampata Salih mgongoni, na kwamba alimuua. Akaniangalia, akinisubiri.

Sikuwa nimeyasikia hayo kabla. Hakuwa ameniambia. Yalikuwa maneno mepesi, mtoto wa skuli angeweza kuyatafsiri. Nikamtazama Bibi, mgongo wake ulivyoinama mbele kusikiliza. Nikamtazama baba. Nikaiona nyumba ambayo ningeweza kuwa nayo, meza ya watu wawili, na nikaona vile itakavyovunjika kwa neno moja.

"Salih akafa katika vurugu za siku ile," nikasema.

Kamen akageuza kichwa. Alinitazama bila ya hasira, na huo ndio mtazamo ninaouota mpaka leo. Kisha akamgeukia Bibi, na akasema mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Hapana. Si akafa. Bibi, babu yangu alimuua. Rafiki yake. Kwa nyuma."

 Uso wangu uliwaka. Nikaanza kusema kitu, sijui nini, Bibi akanyoosha mkono kunizuia.

"Mwache aseme. Na wewe sema anavyosema yeye."

Nikasema anavyosema yeye, neno kwa neno. Ndani ya mfuko wa Salih walikuta mkate tu. Mpaka leo hakuna ajuaye alikuwa akienda wapi asubuhi ile, kuwaita askari au kwenye shughuli zake. Vita vile vya kijiji vilidumu siku tisa, kisha kijiji kikachomwa moto. Neyko alikamatwa, akafungwa minyororo, akatembezwa mpaka Diyarbakir, mbali sana mashariki, akakaa gerezani miaka miwili. Ilipokuja vita kubwa na dola ikashindwa, wafungwa wakaachiwa, na yeye akarudi kwa miguu. Rada alikuwapo. Walipata mtoto wa kiume. Lakini Neyko hakuweza kulala ndani ya nyumba. Alilala bandani kwenye mitungi, na chakula chake alipelekewa huko huko, akala peke yake, miaka thelathini. Mkewe Salih alikuwa amehama na wanawe wakati jeshi la dola lilipokuwa likirudi nyuma, na nyumba yao ikabaki tupu. Kila mwaka kabla ya baridi Neyko alipanda juu ya paa la nyumba ile akalitengeneza, na hakumwacha mtu yeyote aingie kuishi. Alipokufa, kijiji kikamsimamishia sanamu na bunduki mkononi, na watoto wa skuli huimba habari za siku tisa. Salih hayumo katika nyimbo. Rada alimweleza mke wa mwanawe, naye akamweleza mke wa mwanawe, na nyanya yake Kamen ndiye aliyemweleza yeye, wiki aliyofunga mizigo kuja Oman.

 Alipomaliza, Bibi akaniambia nimuulize: huyo Neyko alijua mkewe Salih alikohamia?

Kamen akasema alijua. Jina la mji lilikuwa limeandikwa kwenye ukuta wa banda.

"Alimwendea?"

Hilo Kamen alilielewa kabla sijalitafsiri. Akatikisa kichwa.

"Hakwenda," akasema. "Aliogopa."

Bibi akamtazama, na naapa hakuwa na chuki machoni, alikuwa na uchovu tu.

"Na wangu naye hakuja," akasema.

Baba akainua uso pale mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani hakuja, mama?"

 Bibi akaomba mkono wangu, akanyanyuka, akasema Alasiri imeshaingia, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Nilimsindikiza Kamen mpaka getini. Baba alibaki ukumbini amekaa vile vile, kama mtu aliyeambiwa ahame. Nje jua lilikuwa kali, na hatukuwa na pa kusimama ila kivuli chembamba cha ukuta. Kamen akaniuliza kwa nini nililibadilisha lile neno. Nikamwambia anajua kwa nini.

"Najua," akasema. "Lakini kama angekubali, angemkubali mtu mwengine, siye mimi. Na wewe ungekaa na sisi wawili, mimi na huyo mwengine, maisha yako yote, ukiogopa siku nitakayojifunza Kiswahili vizuri."

 Akaingia garini. Nilitaka kumshika mkono, lakini tulikuwa barabarani, na Ibra ni mji wa watu kujuana.

Asubuhi ya Jumamosi Bibi akaniita. Alikuwa kitandani, amekaa, na uso wake ulikuwa umepungua kwa siku moja. Akaniambia nimsimulie tena habari ya Neyko tangu mwanzo, nisiruke kitu. Nikamweleza. Nilipofika pale barabarani, alfajiri, nikasema neno lenyewe, na mara hii halikunikwama. Bibi akafumba macho.

Kisha yeye akanieleza yake.

"Aliyemuua babu yako namjua," akasema. "Akiitwa Mcha. Alikuwa akitukwelea nazi. Nilipomzaa baba yako, alikuwa akiniletea madafu kila asubuhi, siku arubaini, anayaweka mlangoni, hata haingii, kwa haya. Siku ile alikuja na wenziwe. Akasimama mlangoni na panga. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaniambia, toka kwa mlango wa uani, bibi, usigeuke nyuma. Nikatoka. Sikugeuka. Babu yako nilimwacha ndani."

Niliushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi kama karatasi.

Alisema miaka sitini na moja amengoja aje, au atume mtu. Alipokuwa Mombasa alingoja. Alipokuja Oman, kila mgeni kutoka Unguja aliyebisha hodi alimtazama kwanza usoni. Hakujua angemwambia nini. Labda angemtemea mate, labda angempa maji ya kunywa. Alitaka tu mtu asimame mbele yake, aseme, nilifanya. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba.

"Kwa sababu angekwenda kumtafuta," akasema. "Ningebaki na nani?"

 Nje, baba alikuwa akimwagilia mitende, mpira kauelekeza sehemu moja tu, maji yakifurika.

Nilijua lazima niulize, nikauliza: na Kamen je? Bibi akaniwekea mkono shavuni.

"Kijana wako mkweli. Jana amenifanyia jambo ambalo hakuna aliyepata kunifanyia. Lakini nikimtazama simuoni yeye, Azza. Namuona Mcha kasimama mlangoni. Si kosa lake, wallahi. Baba yako nitamwambia asikatae. Wewe umri wako umefika, olewa. Lakini akiwa mkwe wa nyumba hii, mie nitakwenda Sur kwa ndugu yangu nikakae huko. Sikasiriki. Siwezi tu, mwanangu. Mlango ule siwezi kuuona kila siku."

Jumapili nilipanda mlimani. Msimu ulikuwa umekwisha. Vichaka vya mawaridi kwenye matuta yaliyokatwa mlimani kama ngazi vilibaki majani matupu, na wakulima walikuwa wakiosha mitungi kwa mchanga na ndimu. Mkataba wa Kamen ulikuwa unamalizika Jumanne, na kwao mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yaanze. Siku zote tulikuwa tumepanga kwamba angekwenda kuvuna, kisha arudi Julai kwa harusi.

Nilimkuta katika banda la kiwanda akifungasha vitabu vyake. Nikamweleza yote, ya Mcha, ya madafu, ya mlango wa uani, na ya Sur. Alisikiliza amesimama, kitabu mkononi. Nilipomaliza, akakaa chini juu ya sanduku na akajifunika uso kwa viganja. Ile ndiyo mara ya pekee niliyomwona akilia. Alilia bila ya sauti, kama mtu anayejificha kwa watu wa nyumba.

Baadaye akasema anaweza kungoja. Alisema ni mtu wa mawaridi, amezoea kungoja mwaka mzima kwa ajili ya wiki tatu. Mwaka, miaka miwili, hata mitano, mpaka Bibi amzoee. Angerudi kila msimu, asikanyage Ibra, akae huku huku juu.

Na mimi nilitaka kukubali. Wallahi nilitaka. Tayari nilikuwa nahesabu misimu kichwani. Ndipo nikajisikia ninachokihesabu. Bibi ana miaka themanini na mbili, anaumwa magoti, moyo wake una dawa tatu kila asubuhi, na nikiwa nyumbani mimi ndiye ninayempa.

"Hatazoea, Kamen," nikamwambia. "Tukingoja, tutakuwa tunangoja afe. Kila nitakapompa dawa nitajua. Na yeye atajua."

 Nilitamani abishe, aseme neno la kunishinda, kwa kuwa mimi nisingeweza kujishinda mwenyewe. Lakini alikuwa ni yule yule wa Ijumaa, hawezi kusema lisilokuwa kweli hata kwa kujinusuru.

"Basi tusingoje," akasema.

Akanyanyuka. Aliusogeza uso wake karibu na wangu, hakunigusa, nikahisi joto la pumzi yake kwenye paji la uso. Harufu ya shaba na ndimu. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, akichagua kila neno, kwamba mimi ni mtu wa kwanza aliyemfanya akae chini kula. Kisha akarudi kwenye vitabu vyake, na mimi nikatoka, nikapita mbele ya wakulima waliokuwa wakinisalimia, nikawaitikia wote mmoja mmoja kwa majina yao. Gari ya kiwanda ilinishusha mpaka Nizwa. Dereva aliwasha redio. Sikumbuki ilisema nini.

Jumanne aliondoka. Sikwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa kazini, mkulima mmoja ana mgogoro na kiwanda juu ya mitungi, nikatafsiri maneno yake na maneno yao mpaka saa tisa, wala sikukosea hata neno. Jioni nilikula nimesimama.

Alhamisi nikarudi Ibra kama kawaida. Baba alinifungulia mlango, akanikumbatia, jambo ambalo hana desturi nalo, na akasema Bibi amemweleza habari ya Mcha.  Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa ameanza kufuga ndevu. Nikapanda juu chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikalala juu ya shuka na baibui langu.

Sijui nililala kiasi gani. Niliamshwa na sauti kwenye ngazi, hatua moja, kisha kimya, kisha hatua nyengine. Bibi alikuwa hajapanda ngazi zile miaka mitatu, tangu magoti yamshinde. Nikadhani ni baba. Mlango ukafunguka, na alikuwa ni yeye, ameshika ukuta, anahema, kanga imemtelemka begani.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka, Bibi."

Akangoja pumzi zimrudie. Nilitaka kunyanyuka nimshike, akanikataza kwa mkono. Alitaka kusimama mwenyewe.

"Nimekuja," akasema. "Nimekukosesha mume, Azza. Najua nilichokifanya. Nisamehe."

Mjukuu mwenye adabu anajua la kujibu hapo. Anasema hakuna cha kusamehe, Bibi, riziki haikuwapo, na anambusu mkono. Nilikuwa nayo maneno yale mdomoni. Nikamtazama pale mlangoni, mwanamke aliyengoja miaka sitini na moja asije mtu, na ambaye alichukua siku mbili tu yeye mwenyewe kuja.

"Bado, Bibi," nikamwambia. "Sijaweza bado. Lakini njoo ukae."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichostahiki. Akaja taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, mgongo wake umenielekea. Nje waliadhini Magharibi. Hatukunyanyuka mara moja, yeye wala mimi.